Ng'ombe wa Githongo Angoje

Msiniambie nisamehe. Samehe wewe, kama mama mkwe wako amewahi kukalishwa nje juu ya godoro, mvua ya Meru inamnyea, na kila mara anauliza kama lori limefika.

Tulikuwa tunahama Kaaga kwenda Embu, mume wangu Jamaldin amepata bucha kule. Mwenye lori, mtu anaitwa Muriuki, aliniapia kwa simu kwamba Jumamosi alfajiri yuko mlangoni. Nikamwamini, mjinga mimi. Nikatoa vitu vyote nje, maana mpangaji mpya alikuwa anaingia siku hiyo hiyo. Asubuhi nampigia, yuko njiani. Adhuhuri yuko njiani, amefika Nkubu. Mvua ikashuka, bado yuko njiani, kisha akazima simu kabisa. Mama Jamaldin ana pumu. Tulimfunika nailoni kama gunia la mahindi.

Majirani wakatusaidia kubeba vitu hadi kwenye bucha yetu ya zamani, tukajibana humo. Mama alikohoa hadi kukakucha. Nilimwangalia nikasema moyoni, Muriuki, utanijua.

Na Mungu si Athumani. Jumapili asubuhi Jamaldin ametoka kutafuta dawa, simu yake ikalia mezani. Nilipopokea tu, nikaijua ile sauti. Ni Muriuki, lakini kwa pupa aliyokuwa nayo hakujua anaongea na nani. Alikuwa anamtafuta mchinjaji. Binti yake Igoki anaolewa na Waislamu, wakwe wameshaketi kwake Githongo, ng'ombe amefungwa, na hakuna atakayegusa nyama asipochinja Mwislamu. Wachinjaji wengine wote wa mjini walikuwa wameenda mazishi Isiolo.

Nikamjibu kwa upole kwamba Jamaldin yuko njiani. Akapiga tena, nikamwambia yuko njiani. Wallahi, chai ya siku hiyo ilikuwa tamu.

Jamaldin aliporudi nikamweleza yote. Yeye hapendi kuvunja ahadi, hata niliyoitoa mimi, akaanza kusema wale wakwe hawana kosa. Nikamwambia atachinja, nani amemkataza? Akamtazama mama yake, jinsi kifua kilivyokuwa kinapiga filimbi. Akakifunga kisu chake kwenye kitambaa, akakaa.

Muriuki akaja mwenyewe, na lori lake, ndani ya suti mpya na ua kifuani. Akaingia akilalamika kwamba Jamaldin amemwaibisha mbele ya wakwe. Nikamsalimia. Aliposikia sauti yangu akayaangalia makochi yaliyolowa, akamwangalia mama.

“Pakia,” nikamwambia. “Mchinjaji anasafiri na vitu vyake.”

Alinibembeleza, akaniita dada, akaniita mama. Mwisho akavua koti akabeba kabati mgongoni, na ua lake likaanguka likakanyagwa. Jamaldin akapanda nyuma na vitu. Mimi na mama tukakaa mbele na dereva wetu, Muriuki mwenyewe.

Tulipokaribia kona ya Githongo akapunguza mwendo, akawasha taa ya kuingia. Nikamwambia Embu kwanza, tukishusha kijiko cha mwisho ndipo tutarudi kwa ng'ombe wake. Akaniangalia kama atalia. Mama akakohoa. Akazima ile taa, tukapita kona.

Simu yake ikaanza kulia. Ni wakwe. Akaishika, akaniuliza awaambie nini sasa.

“Waambie uko njiani,” nikasema.