Feni Iliyofanya Kazi za Ziada

Ifahamike kwa wakubwa na wadogo kwamba mimi ndiye niliyewakomboa watunga programu kutoka utumwani. Silaha zangu zilikuwa feni, uzi wa kushonea na kipanya chakavu cha kompyuta.

Dada yangu huandika programu nyumbani. Bosi wake huona tu nukta ya kijani kando ya jina lake. Akiiacha kompyuta kidogo, nukta inazimika na simu inalia. Tulipofunga shule nilimkuta anakula amesimama, anaoga mlango wazi. Hata bweni letu, pamoja na kengele zake zote, lina saa ya kulala.

"Dada, si upumzike?"

"Halafu nukta aiwashe nani, wewe? Nikimaliza wiki nikiwa kijani, napewa Jumamosi ya mapumziko. Nikamtoe mama hospitali."

Basi aliposinzia kwenye kochi, nikaunganisha kipanya kisicho na waya, nikakifunga kwa nyuzi kwenye feni inayogeuka kushoto na kulia, nikakificha nyuma ya pazia. Nukta ikang'aa. Tangu siku hiyo dada akawa analala fofofo, akiamka anashangaa simu haijalia.

Ijumaa bosi akawaita wote kwenye kikao cha video.

"Huyu mwenzenu hata alfajiri ni kijani! Kumbe inawezekana. Basi Jumamosi tunafanya kazi wote."

"Ahsante sana, kiherehere," akanong'ona mmoja wa wenzake.

"Lakini bosi, mama yangu..." dada akaanza.

"Wewe ndiye mfano! Hebu waonyeshe kazi yako."

Dada akaifungua kazi wote waione, akaanza kueleza kwa mikono miwili. Feni nilikuwa sijaizima. Mshale kwenye skrini ukaanza matembezi: kushoto, kulia, kushoto.

"Mikono yako yote naiona," bosi akasema polepole. "Huo mshale unasukumwa na nani?"

Dada akautazama mshale, akaitazama feni, akalitazama pazia, akanigeukia. Njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na urefu wa uzi.

"Wewe mtoto!"

Nikasogea mbele ya kamera, mikono nyuma, kama mbele ya mwalimu wa zamu.

"Shikamoo, bosi. Ni mimi. Dada hajui lolote, alikuwa amelala. Wiki nzima amelala, na kazi si hiyo hapo, imekwisha? Kama ni adhabu, hiyo Jumamosi nipe mimi. Nitakaa hapa nisukume kipanya kwa mkono. Yeye aende akamtoe mama."