Chumba Kilichokwenda Nairobi

Usiku wa jana niliota nimeshaolewa, na zile siku saba za fungate zimekuja kupiga hodi zote kwa pamoja, zina mabegi.

Ngojeni kwanza. Lazima mjue nililala na nini kichwani.

Naolewa Jumamosi. Mchumba wangu anaitwa Twalibu, fundi friji, hajawahi kuvuka Muheza, na anataka hanimuni yetu iwe Nairobi kwa sababu amesikia ule mji haunyamazi. Keshakata tiketi za basi, Jumapili asubuhi. Shangazi yangu Mwanjaa, aliyenilea hapa Ngamiani, Tanga, tangu nina miaka minne, na ambaye ndiye somo wangu wa kunifunda, yeye anataka fungate ya sawasawa. Siku saba mke na mume ndani ya chumba, uji mnaletewa, mikate mnaletewa, mguu nje hamtii. Katuandalia chumba kile kile alichokaa fungate yeye mwenyewe zamani. Jana alasiri kapaka dirisha rangi ya kijani kwa mkono wake, na mimi nikalala humo humo, pua imejaa rangi.

Sasa balaa langu ni hili. Shangazi aliniuliza, "Sikuzani, fungate si utakaa, mwanangu?" Nikasema ndiyo. Twalibu akapiga simu, "Nairobi si tunakwenda, mpenzi?" Nikasema ndiyo. Hakuna anayejua ya mwenzake. Na zimebaki siku nne.

Turudi kwenye ndoto.

Nafungua mlango, zimepanga mstari. Siku ya Kwanza ni mama mnene, kavaa dera jipya, karatasi ya dukani bado inaning'inia kwapani. Siku ya Tatu ana miwani. Siku ya Nne kifua kipana kama kabati. Siku ya Saba kabaki nyuma kabisa, kajifunika khanga, anauliza kama kachelewa.

"Tuko saba," akasema Siku ya Kwanza. "Tumeambiwa tunakaa hapa."

"Karibuni," nikasema. "Ila kesho tunasafiri."

Wakatazamana.

"Nani anasafiri?" akauliza Siku ya Nne.

"Mimi na mume wangu."

"Mguu nje hamtii," akasema Siku ya Nne, akavuta kigoda, akakaa mlangoni. Mlango ukaisha hapo. Ukitazama unaona Siku ya Nne tu.

Twalibu alikuwa kakaa kitandani na kanzu yake ya harusi, begi mapajani, tiketi mkononi. Akanitazama mimi. Mimi nikatazama simu. Simu ilikuwa na chaji asilimia mia moja, na hapo ndipo ningejua kwamba naota, lakini sikujua.

Kitanda kikakohoa.

"Samahani," kikasema. "Masharti yanasema maharusi wasitoke chumbani. Hayajasema chumba kisitoke."

Siku ya Tatu akatoa karatasi, akapandisha miwani, akasoma mbele na nyuma. "Kweli," akasema. "Hapo hatukuziba."

Basi chumba kikang'oka kwenye nyumba kama jino bovu. Hakikuniuliza. Kilisema tu, "Shikeni sahani," kikanyanyuka.

Jirani yetu Bi Tunu, ambaye ukuta wake na wetu ni mmoja, akatoka na upawa mkononi. "Nyie! Ukuta huo nusu wangu!"

"Tutaurudisha, Bi Tunu!" nikamwambia dirishani.

"Urudi na kalenda yangu! Imo upande wa pili!"

Nikageuka kuangalia. Kalenda imo, ina picha ya paka.

Chumba kinakimbia. Miguu kimeitoa wapi, sijui. Mikonge inapita dirishani, mistari kwa mistari, halafu minazi, halafu foleni ya makabati yanayosubiri kuvuka mpaka. Sisi tuko nyuma ya kabati moja la vyombo lenye haraka.

Mpakani hakuna askari. Kuna muhuri. Muhuri mwenyewe, wa mbao, kakaa kwenye kiti, kavaa tai.

"Mmebeba nini?" akauliza.

"Hina, miswaki, udi, siku saba, na mume," nikasema.

"Na hao kuku?"

Nikatazama mapajani. Kuku wawili, weupe, wanafanana kama mapacha. Sikuwa nimewaona. Twalibu naye alikuwa hajawaona, kwa sababu alikuwa anampiga picha kabati.

"Sijui wametoka wapi," nikasema.

"Wametoka mdomoni mwako," akasema Muhuri. "Huyu ni ndiyo uliyompa shangazi yako, Jumatatu, ukichambua mchele. Huyu ni ndiyo uliyompa mchumba wako, Jumatatu hiyo hiyo, uko chooni na simu."

"Ndiyo," akasema kuku wa kwanza.

"Ndiyo," akasema wa pili.

"Mdomo mmoja unavuka na ndiyo moja," akasema Muhuri. "Mmoja abaki. Yupi?"

Nikawatazama. Mmoja ana jicho la Shangazi, lile la kunitazama nikiwa na homa. Mwingine kalaza shingo mkononi mwangu kama Twalibu akichoka kazini.

"Nitakwambia wakati wa kurudi," nikasema.

Muhuri akanyanyuka, akanigonga kwenye kiganja, pwaa! Wino wa zambarau: HAJACHAGUA.

"Pita," akasema. "Lakini hao hawatanyamaza."

Nikawafunika kuku kwa khanga. Nikavuta pazia ili Twalibu asiwaone. Nilipolifungua tena, tuko Nairobi.

Jamani! Majengo marefu yameinama kutuchungulia. Taa zinaimba, kila moja wimbo wake. Watu wanatembea kama wote wamesahau kitu jikoni. Chumba chetu kimetua katikati ya barabara, na jamaa wa mayai ya kuchemsha keshafika dirishani na kachumbari.

"Madam! Yai moja ama mbili?"

"Samahani kaka yangu, habari za asubuhi, naomba kama itawezekana unipatie mawili," nikasema.

Jamaa akaweka ndoo chini. "Wewe umetoka wapi?"

"Tanga."

"Nilijua. Ukimaliza kusalimia, yai litakuwa kifaranga."

Na kweli, aliponipa, lilikuwa kifaranga. Kikanisalimia shikamoo.

Twalibu kaweka kidevu kwenye dirisha. Nje kuna bendi, kuna mtu anacheza na moto, kuna mtambo wa barafu mkubwa kuliko msikiti, na yeye ni fundi friji. Macho yamemtoka. Akaenda mlangoni.

"Naomba nipite, bwana," akamwambia Siku ya Nne. "Nataka kuona mji."

"Uone. Dirisha hilo."

"Nataka kuuona kwa miguu."

"Miguu haina macho," akasema Siku ya Nne.

Twalibu akarudi. Hakukasirika, na hicho ndicho kilichoniuma. Alikaa kitandani, akaikunja tiketi mara mbili, akaitia mfuko wa kanzu.

"Si ulisema tutatembea?" akaniambia taratibu.

"Ndiyo," akasema kuku chini ya khanga.

"Umesema nini?"

"Sijasema kitu."

"Ndiyo," akasema kuku wa pili.

Mara akaja bwana mmoja wa koti la njano, ana daftari. Akagonga ukuta. "Hii chumba ni ya nani? Hapa hatupaki chumba!"

"Tuko fungate," nikamweleza.

"Mko fungate ama mko barabarani? Amueni."

Akafunga tendegu la kitanda kwa mnyororo. Kitanda kikaniambia, "Mimi nilikuwa nasaidia tu."

"Nikirudi kama hamjaamua," akasema lile koti la njano, "navuta hii kitu yote, na nyinyi ndani." Akaenda kugombana na kabati.

Hapo nikasikia hodi ninayoijua. Gonga mbili, kikohozi, gonga moja.

Shangazi Mwanjaa. Ametembea kutoka Tanga na birika la uji kichwani, halijamwagika hata tone. Siku ya Nne akasimama kumpisha, maana somo hazuiwi. Ndara zake nyekundu zimejaa vumbi la nchi mbili.

"Nimeamka nawaletea uji, nakuta nyumba ina pengo," akasema. "Nikafuata nyufa. Habari za fungate?"

"Nzuri, shikamoo Shangazi."

"Marahaba. Kwa nini khanga yako inatembea?"

Kuku wakatoka. Mmoja akaenda moja kwa moja kukaa kwenye mguu wa Shangazi. Mwingine akaruka mapajani kwa Twalibu.

"Kuku wa nani hawa?" akauliza Shangazi.

"Ndiyo," wakasema wote wawili.

Nairobi ikanyamaza. Mji mzima. Yule wa moto akazima moto, jamaa wa mayai akavua kofia. Majengo yakainama zaidi.

Nikajaribu kutazama simu. Simu ikasema, "Mimi usinitazame."

"Shangazi," nikasema, "huyo ni wako. Nilikwambia nitakaa fungate. Na huyo ni wa Twalibu. Nilimwambia tunasafiri siku ya pili."

"Kumbe wako wawili?" akasema Twalibu. "Wewe Sikuzani! Mimi nimekata tiketi, nimewaaga wateja, friji za watu zinayeyuka, na wewe una wawili?"

"Na mimi nimepaka rangi," akasema Shangazi, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kumsikia nayo. "Nimepanda kwenye stuli na goti langu hili."

Nikaanza kulia. Machozi yalikuwa ya kijani, yananuka rangi.

"Nataka kuuona mji," nikasema. "Na nataka uji wako. Niliogopa nikisema nataka kutoka, utaona umenilea bure. Na wewe Twalibu, niliogopa nikisema nataka kukaa kidogo, utaona unaoa mtu wa zamani."

Shangazi akaweka birika chini. Akalitazama dirisha, dirisha likatazama pembeni.

"Siku ya tano ya fungate yangu," akasema, "ngoma ya beni ilipita barabara ya kumi na mbili. Matarumbeta hayo! Marehemu mjomba wako kalala, somo wangu kakaa mlangoni kama huyu bwana mnene hapa. Nikatokea dirishani. Nikaifuata beni mpaka stesheni, nikacheza na ndara moja. Nikarudi nikajilaza. Mpaka leo hakuna anayejua."

"Mimi najua," likasema dirisha. "Sijamwambia mtu."

"Siku ya Tano!" akasema Siku ya Nne kwa hasira, akageuka nyuma. "Ulikuwa wapi siku hiyo?"

Siku ya Tano, ambaye muda wote alikuwa hajasema neno, akatazama vidole vyake. "Nilikwenda naye," akasema. "Beni ilikuwa tamu."

Nje koti la njano linarudi, linakokota mnyororo mrefu. Siku ya Tatu anafunua karatasi haraka haraka. "Mlango umetajwa," anasema. "Dirisha halikutajwa popote."

Shangazi anafunga khanga kiunoni. "Kwanza uji," anasema. Tunakunywa uji, sisi watatu na siku saba, wa moto hivyo hivyo, pilipili manga inatutoa jasho. Halafu anapanda dirishani, goti lake hilo hilo, mguu mtupu kwenye rangi mbichi, na ndara moja inadondokea nje, chap.

"Fuateni basi!" anapiga kelele. "Beni inapita!"

Twalibu ananishika mkono. Kuku mmoja mkononi kwake, mmoja kwangu. Tunaruka.

Nikaamka.

Simu iko mkononi, chaji asilimia tatu. Kiganja hakina muhuri. Chumba kiko Ngamiani, kitanda kimetulia, na ng'ambo ya ukuta namsikia Bi Tunu anaimba. Nikasema leo namwambia Shangazi, hata kama atalia.

Shangazi alikuwa uani, kakaa kwenye kibao cha mbuzi. Nikamwamkia, nikasimama mbele yake, nikafumba macho. "Shangazi, mimi nimewaambia ndiyo wote wawili, wewe na Twalibu. Yeye kakata tiketi za Nairobi, Jumapili. Na mimi nataka kwenda. Na uji wako nautaka pia."

Nikafumbua jicho moja.

Shangazi alikuwa anasugua unyayo wake wa kulia kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Hakunyanyua kichwa.

"Siku mbili mtakaa ndani, mtakunywa uji wangu," akasema. "Jumanne nendeni. Mwambie abadilishe hizo tiketi."

"Na zile siku tano?"

"Chukueni. Zikakae huko na nyinyi." Akasugua tena, akaguna. Kitambaa kilikuwa kijani. "Kha, rangi hii haitoki. Hebu niletee ndara yangu nyingine."

"Iko wapi?"

Akanitazama kama mimi ndiye mjinga.

Nikazunguka nyumba. Ndara nyekundu ilikuwa chini ya dirisha langu, imelala chali. Kwenye rangi ya kizingiti, ambayo jana nililala ikiwa safi, kulikuwa na unyayo mmoja, vidole vimeelekea nje.

Nikaliangalia dirisha. Halikusema kitu.