Kumjibia Cheptanui

Kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana, Tabby aliketi mbele ya kompyuta akawa watu wawili. Kwanza alikuwa yeye mwenyewe, Tabitha Mugure wa Gilgil, mwanafunzi wa diploma ya biashara, msichana wa alama za wastani na mdomo usiokosa la kusema. Alipomaliza kujijibia alitoka kwenye ukurasa wake, akatazama nyuma kama kuna mtu, akaandika jina la Cheptanui na nenosiri la Cheptanui. Mashine ikamkaribisha kwa uchangamfu uleule: karibu tena, Cheptanui, tumefurahi kukuona.

Uongo mtupu. Cheptanui hakuwa ametia mguu chuoni tangu likizo ya Desemba, na sasa mvua za Aprili zilikuwa zimeanza kunyesha Nakuru.

Programu yenyewe ililetwa na wafadhili mwaka uliotangulia, 2007, ikakabidhiwa Madam Reena, mwalimu wa kompyuta, mama mpole ambaye familia yake ilikuwa na duka la vitambaa mjini. Madam Reena aliipenda kama mtu anavyompenda mtoto wa uzeeni. Ilikusudiwa kuhakikisha hakuna mwanafunzi anayeanguka bila kuonekana. Kila wiki uliingia mtandaoni, ukafanya zoezi fupi la masomo, kisha ukaulizwa maswali ya moyo: umelala vipi, umekula, una mtu wa kumweleza shida zako? Ukijibu, unapewa nyota. Ukikosa wiki kadhaa mfululizo jina lako linageuka jekundu, na likikaa jekundu unaondolewa, nafasi yako ya ufadhili inapewa mwingine. Wanafunzi waliicheka sana. Walisema hata mama zao hawajawahi kuwauliza kama wamelala vizuri.

Lakini pale chuoni kulikuwa na desturi ya zamani kuliko kompyuta zote. Karatasi ya mahudhurio ilipozunguka darasani, mwenye rafiki aliyelala au aliyepotelea mjini alimtilia sahihi. Hakuna aliyeona dhambi hapo. Aibu ilikuwa kukataa kumsainia mwenzako. Ungeitwa mchoyo hadi siku ya kufuzu. Kwa hiyo programu ilipokuja, watu walipeana nenosiri kama walivyokuwa wakipeana kalamu, na mtu akiwa na homa au mapenzi, mwenzake alimjibia. Mashine haikujua. Madam Reena naye, Mungu ambariki, aliiamini mashine.

Ndiyo maana Cheptanui alipopiga simu mwanzoni mwa Januari, hakuhitaji kueleza mengi. Alikuwa kwao Kuresoi, Tabby kwao Gilgil, na nchi iliyokuwa katikati yao ilikuwa ikiungua kwa ghasia za uchaguzi. Siku hizo watu wa kina Tabby na watu wa kina Cheptanui walikuwa hawapeani mkono, na wengine walikuwa wakitendeana mambo ambayo hadi leo husimuliwa kwa sauti ya chini. Wasichana hao wawili walikuwa wamekaa chumba kimoja mwaka mzima na kula katika sufuria moja, na kila mmoja alikuwa ameogopa kuwa wa kwanza kupiga simu.

"Tabby, nikichelewa unishikie place," Cheptanui alisema. "Usiwache wanitoe."

"Wewe kaa poa huko," Tabby akamjibu. "Nitakusainia mpaka ufike."

Baada ya siku hiyo simu ya Cheptanui haikupatikana tena. Tabby alisikia yule mama wa kwenye mtambo akirudia kwamba mteja hapatikani, akajiambia kule juu stima zimekatika, au simu imepotea katika kukimbia. Chuo kilipofunguliwa Februari, kwa kuchelewa, vitanda vingi vilikuwa vitupu. Kitanda cha Cheptanui kilikuwa kama alivyokiacha, shuka limekunjwa pembe nne. Tabby hakushtuka. Barabara zilikuwa mbaya, mzazi gani angemtoa binti yake nje? Alijua rafiki yake yuko nyumbani kwa babake, salama, akimenya viazi. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na Tabby alijiona rafiki hasa. Ijumaa ya kwanza akaingia, akamjibia.

Shida ni kwamba Cheptanui hakuwa mwanafunzi wa kujibiwa kwa neno mojamoja. Chuo kizima yeye peke yake ndiye aliyekuwa akiijibu programu kwa moyo wote. Ilimuuliza amelala vipi, naye akaandika kuhusu ukungu wa Kuresoi, kuhusu viazi vya babake, kuhusu mamake aliyeugua miguu asiweze kutoka uani. Madam Reena alisoma yote. Ili asishuku, ilimbidi Tabby aandike vivyo hivyo, kwa Kiingereza kile cha taratibu, sentensi ndefu zenye adabu. Mwanzoni ilimchosha. Baadaye ikaanza kumjia yenyewe, na hapo ndipo hofu ilipoanza.

Tabby alikuwa mtu wa sukari nyingi. Akajikuta anakunywa chai bila sukari, kama Cheptanui. Akichemsha maji alitoa vikombe viwili, akaona cha pili tayari kimewekwa mezani na hakumbuki kukiweka. Katika mazoezi ya hesabu, yale aliyokuwa akikosea kwa jina lake mwenyewe aliyapata kwa jina la Cheptanui, dakika chache baadaye, kwenye kiti hichohicho. Rafiki yake asiyekuwepo alikuwa akimshinda darasani. Madam Reena akamtaja mbele ya watu, kwamba kuna msichana ametoka sehemu iliyoumia na bado anang'aa. Tabby aliinamisha kichwa. Wenzake walijua, na hawakusema neno, kwa sababu msaini hasalitiwi.

Mwezi wa Machi akarudi Kipkorir, kijana wa kijiji kimoja na Cheptanui. Alimkuta Tabby kwenye foleni ya chakula akamuuliza Cheptanui ako wapi, maana yeye alisikia alitoka home kitambo, wiki ileile chuo kilipofunguliwa. Tabby akamwambia ameenda kwa shangazi yake kwanza. Maneno yalimtoka haraka, naye aliyasikia kuwa ni uongo yakiwa bado mdomoni. Akamwachia sahani mtu wa nyuma yake.

Hapo ndipo angekwenda kwa Madam Reena. Njia ilikuwa fupi, kuvuka uwanja tu. Kila siku alijiambia atakwenda, na kila siku hakwenda. Aliogopa kufukuzwa, ndiyo, hilo lilikuwepo. Zaidi ya hilo aliogopa rangi nyekundu. Maadamu aliendelea kuandika, jina la Cheptanui lilikuwa kijani na Cheptanui alikuwa mahali fulani, amechelewa tu. Kuacha kungekuwa kumzika. Na nani amzike mtu ambaye hajaambiwa amekufa? Alikumbuka Cheptanui akimweleza jina lake, kwamba kwao hupewa mtoto aliyezimia wakati wa kuzaliwa kisha akazinduka. Alikuwa akicheka akisema yeye kifo kilishampitia, hakina haja naye tena. Tabby aliyashika maneno hayo kwa mikono miwili, akaendelea kujibu.

Ijumaa moja mvua ilikuwa ikigonga mabati ya chumba cha kompyuta kiasi kwamba hukuweza kumsikia mtu wa pembeni. Tabby alikuwa amefika swali la mwisho, lile la kuuliza kama kuna jambo lolote mwanafunzi angependa chuo kijue. Kila wiki alijibu hakuna. Aliandika, akabonyeza, ndipo akasoma alichoandika. Hakikuwa Kiingereza.

Nasikia baridi. Hakuna mtu amekuja.

Alitazama mikono yake. Alitafuta namna ya kuyarudisha maneno, lakini programu haikuwa na njia ya kurudi nyuma. Badala yake ikamwonyesha nyota ya dhahabu, ikampongeza Cheptanui kwa kusema ya moyoni, ikamshauri anywe maji ya kutosha na afanye mazoezi ya viungo. Tabby alitoka nje bila kuzima kompyuta. Alisimama kwenye mvua akitetemeka, na hakuweza kujua baridi ile ni ya nani.

Siku chache baadaye, asubuhi, askari wa lango alimwita. Kulikuwa na mzee anayemtaka.

Alikuwa mtu mrefu mwenye koti la mvua na mabuti ya mpira yenye tope jekundu, na kwapani alikuwa na blanketi jipya lililofungwa kwa kamba ya katani. Hakukubali kulishusha hata askari alipompa kiti. Tabby alimjua kabla hajajitaja. Alikuwa na paji la uso la Cheptanui.

"Wewe ndiye Tabby," mzee alisema, akatabasamu. "Mimi ni Kosgei. Huyu msichana wangu amekuimba kwetu mwaka mzima. Nimewaambia wamuite, lakini nikasema nikuone kwanza nikushukuru."

Akaeleza bila kuulizwa, kama mtu aliyetua mzigo. Februari, redio iliposema vyuo vimefunguliwa, Cheptanui alikataa kabisa kubaki. Simu hana, iliungua pamoja na nyumba. Mzee akamtafutia nafasi kwenye lori la viazi la mtu anayemjua. Dereva akarudi kesho yake akasema alimshusha Salgaa, kabla ya kufika Nakuru, kwa sababu mbele vijana walikuwa wamefunga barabara, naye msichana alisema atatembea na watu wengine hadi mjini. Mzee Kosgei alisema roho yake ilitoka. Alikuwa tayari kushuka kwa miguu kumtafuta, yeye na ndugu zake, hata kama ni kufa. Lakini kwanza, kwa kuwa siku hizo mtandao wa kwao ulikuwa umekatika, akapanda mahali unaposhika akapigia chuo simu. Madam mmoja wa Kihindi akaangalia kwenye mashine yake akamwambia, mzee, tulia, binti yako yuko, ameingia Ijumaa, na anafanya vizuri.

"Nikaenda nikamwambia mama yake, mtoto amefika," mzee alisema. "Tukashukuru Mungu. Nikarudi shambani."

Na juzi yule Madam alikuwa amempigia mwenyewe. Alisema Cheptanui ameandika kwamba anasikia baridi na hakuna mtu amekuja kumwona. Mama yake alilia. Alitoa kuku wake watatu wakauzwa, likanunuliwa blanketi, na mzee akaambiwa asikanyage uani kabla hajampa mtoto mkononi.

Tabby alikuwa ameshika nguzo ya lango. Alielewa yote kwa mara moja, na yote yalikuwa mabaya kuliko alivyokuwa akiogopa. Wakati yeye alifikiri Cheptanui yuko kwao, wao walifikiri yuko naye. Yeye ndiye aliyewaambia. Msichana alikuwa amesimama peke yake kwenye barabara ile katikati, na rafiki yake akamsainia kwamba amefika, watu waliokuwa wameshavaa viatu kwenda kumtafuta wakavivua.

"Mzee," alisema, "hakuwahi fika. Ni mimi nimekuwa nikijibu. Alinituma nimshikie nafasi. Nilidhani ako kwenu."

Alimweleza kila kitu akiwa ameangalia chini, nenosiri, nyota, hadi Kipkorir na ule uongo wa shangazi. Alitarajia kofi na angelipokea. Mzee Kosgei hakumpiga wala hakupaza sauti. Alikaa kwenye kile kiti alichokikataa, akaliweka blanketi magotini, akawa analipapasa kama anatafuta mahali pake pa mwanzo.

"Na hii ya baridi," alisema mwishowe, "nani alikuambia uandike?"

"Hakuna mtu, mzee. Sijui. Nilikuwa niandike kitu ingine."

Mzee alimtazama. Tabby aliona kwamba anamwamini, na hilo lilimuumiza kuliko matusi.

"Basi ni kweli," mzee alisema. "Hakuna mtu ameenda."

Simu ikalia mfukoni mwake. Alipoona namba alifunga macho, akaipokea, akaongea kwa lugha yao. Sauti ya upande wa pili ilikuwa ya mama, ya juu, yenye haraka, inayouliza jambo lilelile mara nyingi. Cheptanui alikuwa amemfundisha Tabby maneno machache ya lugha ile wakisubiri sufuria ichemke, na hayo machache yalitosha. Mzee alisema amefika salama. Alisema, ndiyo, amemwona. Blanketi amelipokea, na amenenepa kidogo. Hapana, hawezi kuja kwenye simu, ameingia darasani, lakini anawasalimu sana.

Aliagana na mkewe taratibu, akairudisha simu mfukoni, akafunga kifungo cha mfuko. Kisha akainuka na blanketi lake kwapani, akamuuliza Tabby kituo cha polisi kiko upande gani.