Maumivu Yaliyoalikwa Chakula

Phikun alikuwa amefika nusu ya kudeki chumba cha tatu cha kituo cha tiba pale maumivu ya kiuno ya Bwana Thirasak yalipotoka. Yalitokea kwenye kidole gumba cha mguu wa kushoto, kama yatokavyo siku zote mgonjwa akishakunywa mafuta ya bangi na kukandwa kwa kitita cha manjano na mchaichai kilichofukizwa. Kwanza povu, kisha kichwa, kisha yote yaliyobaki kwa mpigo, pwaa, sakafuni. Yalikuwa makubwa kama bata aliyenyonyolewa, ya kijivu, yenye utelezi wa kambale, na yalinuka kama samaki wa mtungini aliyesahauliwa kutiwa chumvi. Phikun alibana pua kwa kola ya sare yake, akayasukuma kwa mpira wa kufutia maji mpaka kwenye tundu la maji machafu. Yakakwama mabegani. Akayashindilia kwa kisigino.

"Unaona?" Daktari Nopphon alimwambia Bwana Thirasak, aliyelala chali akitabasamu kama mtoto aliyetoka kubeua. "Hospitali wanatibu kiuno. Sisi hapa tunatibu mtu mzima: mwili, akili na roho. Kanabinoidi za bangi zinazungumza na mwili, na mwili unasikiliza."

"Nausikia unasikiliza," alisema Bwana Thirasak, ambaye alikuwa na majumba ya kupangisha Bangkok na kiuno chake alikiumiza kwa kukaa.

Dawa yenyewe ilikuwa kweli. Hakuna mtu wa kijiji cha Nong Pla aliyeitilia shaka. Ilikuwa bangi ya mkia wa kindi, yenye maua manene ya kuning'inia, na ilianzia nyuma ya jiko la Bibi Khampan. Bibi aliwatibu watu kwayo kabla serikali haijaipiga marufuku, akawatibu ilipopigwa marufuku, polisi wakipita akiiita mboga ya supu ya kuku, na polisi nao wakinywa supu. Alichuma asubuhi, kwanza akiuomba mmea ruhusa, na akisimama upande ambao kivuli chake hakiuangukii, maana dawa iliyokanyagwa na kivuli hununa. Na maumivu yakitoka alikuwa hayafukuzi. Aliyatengenezea sinia la magamba ya mgomba, akaweka wali mweusi, wali mwekundu, ndizi moja na sigara, akayasindikiza kwa maneno ya heshima hadi mpakani mwa msitu. Maumivu yakishiba hushika njia. Yakiwa na njaa hutafuta pa kula.

Kisha kikaja Kituo cha Moyo Mwepesi. Kiling'oa mimea yote hadi miche, kikaihamishia kwenye nyumba ya vioo yenye taa kila upande, mahali ambapo hata mtu mnene hana kivuli. Bibi Khampan naye kilimhamisha. Alivalishwa hariri, akachomekwa ua sikioni, akakalishwa langoni ili wageni wapige naye picha. Sinia ndilo lililoachwa.

"Linavuta nzi," alisema Daktari Nopphon.

Ni kweli, ndizi huvuta nzi. Tundu la maji machafu lilimwaga mferejini nyuma ya kijiji, na nzi wa huko hawakuwa nzi wa kituo.

Adhuhuri hiyo Mama Bunlom, mama yake Phikun, alikuwa ameketi kwenye ngazi ya nyumba akimenya machipukizi ya mianzi. Maumivu ya Bwana Thirasak yakapanda kutoka mferejini yakiburuta tumbo. Watu wa huko hawaulizani habari. Huulizana kama wameshakula. Ndugu huulizwa hivyo, polisi huulizwa hivyo, hata mwizi huulizwa kabla ya kupigwa. Jibu la mwenye adabu ni "nimeshakula", hata kama utumbo unajifunga fundo, na kila mtu anaendelea na safari yake.

Mama Bunlom akainua kichwa. "Umeshakula?"

Maumivu hayajafundwa na mtu. "Bado," yakasema.

Aliyealika hafungi mlango. Yaliingia, yakamaliza kikapu kizima cha wali, yakalalamika kwa sauti ya Bwana Thirasak kwamba wali unanata, yakaulizia mvinyo, yakabeua, yakapangusa kamasi kwenye mkeka. Kisha yakapanda kiunoni mwa Mama Bunlom yakalala. Kiuno hicho kilikuwa kimeinamia mpunga tangu usichana na hakijawahi kumlalamikia hata siku moja.

Phikun aliporudi alimkuta mama yake amepiga magoti na viganja, kama mbuzi.

"Mama, umefanya nini?"

"Nimesalimia."

"Umesalimia nini?"

"Sasa mwanangu Kob, yapite mlangoni niyanyamazie? Kwani mimi nililelewa na nyani?" Kob ni chura. Ndilo jina la Phikun la nyumbani.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini maumivu hayana mikono. Siku ya tatu Mama Bunlom hakuweza hata kugeuka kitandani, na maumivu yalikuwa yamenenepa. Phikun akampakia mama yake kwenye mkokoteni wa kubebea mpunga, akamsukuma hadi kituoni. Daktari Nopphon alifunua kitenge akatazama.

"Naam, ya Bwana Thirasak," alisema. "Nayajua. Kazi ya mkono wangu."

"Basi yatoe, Daktari. Mafuta kidogo tu."

"Mafuta ni ya wateja, Phikun."

"Bangi ni ya Bibi Khampan. Maumivu ni ya mteja. Chetu sisi hapo ni kiuno tu."

"Ndiyo shida yenyewe. Hapa hatutibu kiuno, tunatibu mtu mzima." Alinawa mikono kwa sabuni ya mchaichai. "Na nakuomba, Bwana Thirasak asisikie. Ameyaacha kwa roho safi. Tusimtie simanzi." Akamchomeka Mama Bunlom ua sikioni, akaenda zake.

Langoni Bibi Khampan alikuwa amesikia yote. Aliinuka, akachukua mto aliokuwa ameukalia, akautia mkokotenini.

"Wamenivika hariri, Kob," alisema, "lakini hawajanikagua matako."

Mto ulijaa maua ya mkia wa kindi, yaliyookotwa moja moja chini ya pua ya kituo. Waliyapika kwa mafuta ya nazi, Bibi akisimama upande wa pili wa jua. Mama Bunlom akanywa. Jioni kidole gumba kikatoa povu, kisha pwaa. Bibi akalipanga sinia, wali mweusi, wali mwekundu, ndizi, sigara.

"Lielekeze msituni," alisema.

Phikun aliligeuza, akalielekeza kwenye barabara ya Bangkok. "Kila mtu kwao," alisema. Bibi alijifanya anafunga kitambaa chake cha kichwa.

Maumivu yalikula, yakashukuru, yakapanda basi la Bangkok. Kondakta aliyataka tu yakalie mfuko wa plastiki.

Mwezi haukuisha, Bwana Thirasak akarudi akiwa amepinda kama ndoano. Daktari Nopphon alimpokea kama mkulima apokeavyo mvua. Alimweleza kuwa uponaji wa kina huja kwa tabaka, na Bwana Thirasak akakodi chumba cha tatu kwa msimu mzima. Mto wa Bibi Khampan ulikuwa umeshagunduliwa, na sasa alikalia kiti cha waya. Phikun alikuwepo na mpira wake wa kufutia maji pale maumivu yalipodondoka sakafuni. Yalimtazama.

"Umeshakula?" yakamuuliza, kwa lafudhi ya mama yake.

Akayashindilia kwa kisigino.

Hayakuwa peke yake mferejini. Kipandauso cha mwimbaji mmoja kilikwishaalikwa kwa mwenyekiti wa kijiji, na goti la Mjerumani lilikuwa likila kwenye jiko la hekalu. Asubuhi moja mwenyekiti, akiwa amejifunga kitambaa kichwani, alitangaza kwenye kipaza sauti, baada ya bei ya mpunga na chanjo ya mbwa, kwamba kuanzia leo wakazi wa Nong Pla wanaombwa wasimuulize mtu yeyote kama ameshakula. Hakuna aliyepinga. Watu wakawa wanapishana njiani wakiinuliana videvu.

Siku hiyo kazi ilikuwa nyingi, na Phikun alishinda na maji tu. Alirudi jua likiwa linashuka, sare imeganda ute wa kijivu, viatu vinatoa povu kila hatua. Mama Bunlom alikuwa ameketi kwenye ngazi, amenyooka vizuri, kiganja kimefunika kikapu cha wali unaofuka moshi. Aliona kitu cha kijivu kinakuja, chenye majimaji, kinanuka.

Phikun alisimama chini ya ngazi, akangoja aulizwe.

Mama Bunlom alifungua mdomo. Akaufunga. Akakivuta kikapu, akakificha nyuma ya mgongo wake mzima.