Msimu Ambao Mama Hakucheka

Mama aliacha kucheka, na mimi, mtoto wake wa pekee ninayekaa naye nyumba moja, nikaona hiyo ni habari ya kuandika gazetini. Sikumuuliza anaumwa wapi. Nilikaa chini nikaandika, nikaweka nyota moja, nikalala usingizi mnono kabisa. Sasa hivi yuko chumba cha pili, anakohoa kwa kujibana ili nisimsikie, na kila akikohoa natamani ardhi ipasuke inimeze.

Kazi yangu ni kuhakiki tamthilia za kuchekesha kwenye gazeti la kila wiki. Vituo vya televisheni vinanitumia msimu mzima kabla haujarushwa, naangalia, naandika, natoa nyota, kuanzia moja hadi tano. Kazi nzuri, watu wananionea wivu. Shida ni moja tu: mimi sicheki. Si maringo, jamani. Ukiangalia vichekesho kutwa kucha, unaanza kuona ufundi badala ya utani. Hapa wanaandaa, hapa wanachelewesha, hapa sasa wanataka nicheke. Na mimi nikishaona ninaombwa kicheko, nanuna. Ofisini wananiita Jiwe, na nimelizoea jina hilo mpaka nikipigiwa simu naitika.

Mwenye kicheko nyumbani kwetu ni mama. Huyo ameshona sare za shule maisha yake yote mpaka macho yakakataa uzi, na hajawahi kucheka kidogo. Anaanza kwa kujipiga paja, anaendelea kwa kumgombeza mhusika kwenye televisheni, anamaliza kwa kufuta machozi na mkono wa gauni. Kwa hiyo nikabuni utaratibu. Mama namkalisha kwenye kiti chake mbele ya televisheni, mimi nakaa nyuma yake kwenye meza ya chakula na kompyuta yangu, namsikiliza. Akimtukana mhusika kwa mapenzi, nyota nne. Akisema "huyu anajichekesha mwenyewe," nyota mbili. Sikuwaficha wasomaji; kila uhakiki niliufunga kwa maneno ya mama, na nasikia wengi walianzia hapo hapo mwisho, wakaniacha mimi na porojo zangu za juu.

Basi ukaja msimu wa nne wa "Ghorofa Bila Lifti". Ni tamthilia ya jengo ambalo lifti yake imekufa, na mlinzi wa jengo, Bi Mafunguo, anaendesha maisha ya wapangaji wote kwenye ngazi. Mama alimpenda Bi Mafunguo kupita kiasi. Alimwita "pacha wangu". Misimu mitatu ya kwanza jirani wa juu aligonga sakafu kwa fimbo ya ufagio, kwa kelele za mama.

Safari hii, kimya. Sehemu ya kwanza, kimya. Ya pili, mama kakumbatia mto wa kochi ubavuni, kakaza shingo, hata pumzi haisikiki. Bi Mafunguo alipokwama kwenye ngazi na godoro kichwani, mlango umefungwa, na funguo zote ziko mfukoni mwa mtu aliyelala ndani, mama aliinuka polepole akasema anakwenda kuangalia sufuria. Sufuria gani? Chakula nilikuwa nimekinunua mimi, kiko mezani kwenye mifuko, jiko limezimwa tangu asubuhi. Nilijua. Na nikafanya nini kwa kujua huko? Nikaandika: "Mama kaona afadhali sufuria tupu." Nikaisoma sentensi ile mara ya pili kwa jinsi ilivyonipendeza.

Nitasema ukweli: nilifurahi. Kuponda kitu kinachopendwa na kila mtu kuna utamu wake, asikudanganye mtu. Nikaandika kwamba Bi Mafunguo amechoka, waandishi wamechoka, ngazi zenyewe zimechoka. Nikamaliza hivi: "Mama yangu, mtu anayecheka mpaka kwenye matangazo ya sabuni, hakucheka hata kidogo. Hakulalamika, hakutukana. Alikaa tu." Mhariri wangu, tunayemwita Mkasi kwa kupenda kwake kukata, safari hii hakukata neno. Aliongeza kichwa cha habari kwa herufi kubwa: HATA MAMA KANYAMAZA.

Gazeti lilipotoka, mama alilisoma mezani, miwani puani, chai inapoa.

"Nyota moja?" akaniuliza. "Mbona umewaonea hivi?"

"Hukucheka, mama."

"Nani kakwambia sikucheka?"

"Mimi si nilikuwepo?"

Kisha akakunja gazeti. "Haya," akasema, "mwenye kazi ni wewe." Akaivuta sukari kwa mkono wa kushoto. Mama si wa mkono wa kushoto. Niliuona mkono ule, nikaendelea kupaka mkate siagi.

Siku hiyo hiyo mchana nilipigiwa simu ofisini. Sauti niliitambua kabla hajajitaja, maana nchi nzima inaijua: Bi Mafunguo mwenyewe, yaani mwigizaji wake. Nikajiweka sawa kwenye kiti, nikasema moyoni, haya, matusi hayo yanakuja.

"Dada Jiwe," akasema, "kituo kimesimamisha mazungumzo ya msimu wa tano. Wamenisomea uhakiki wako kwenye kikao, mbele ya watu."

"Pole," nikasema, "lakini mimi naandika ninachokiona."

"Niache nimalize. Nilipata hasira, sikufichi. Nikakusoma tena ili nipate pa kukushika. Ndipo nikaliona hilo la mwisho, kwamba mama hakulalamika wala hakutukana. Dada, mimi nimesimama jukwaani miaka mingi. Utani ukiwa mbovu watu wanaguna, wanasonya, wanakwenda chooni. Na mama yako ndiye bingwa wa kusonya, nakumbuka msimu wa pili alivyonichambua. Mtu wa namna hiyo hakai kimya kwa sababu ya utani mbovu." Akashusha sauti. "Mama ni mzima?"

Nikafungua mdomo nimjibu kwamba ni mzima. Mkono wa kushoto ukanijia, mto wa kochi ukanijia, sufuria isiyokuwepo ikanijia, vyote kwa pamoja, na mto na sufuria nilikuwa nimevipanga vizuri kwenye uhakiki kama ushahidi dhidi ya watu wengine. Nilimkatia simu mwanamke wa watu bila hata ahsante. Nikachukua mkoba nikatoka, Mkasi ananiita nyuma, nisigeuke.

Nilimkuta mama anajaribu kuanua nguo kwenye kamba. Anajaribu, ndilo neno lenyewe. Shuka moja ilikuwa imening'inia upande mmoja, na yeye kasimama chini yake, kaegemea ukuta, anapumua kwa juu juu.

"Mama, inua mkono wa kulia."

"Wa nini? Nimekamatwa?"

"Inua tu."

Akauinua mpaka usawa wa kifua. Hapo akafumba macho, ukashuka wenyewe. "Niliteleza bafuni," akasema. "Kitu kidogo. Kinapoa."

Hospitalini walimpiga picha. Daktari, kijana mpole, aliiweka kwenye mwanga akatuonyesha kwa kalamu: mbavu mbili zimevunjika, tena si za jana. Akashangaa amevumiliaje wiki zote hizo bila hata dawa ya maumivu. Alituambia kwamba kutembea anaweza, kulala kwa shida anaweza, lakini mambo ya ghafla ndiyo adhabu: kukohoa, kupiga chafya, kucheka.

"Hasa kucheka," akasema daktari. "Mtu akicheka sana hapa, anaweza kuzimia kwa maumivu."

"Hilo la kucheka niulize mimi," mama akamjibu. "Yule Bi Mafunguo angeniua. Wengine wanavunjwa mbavu na vichekesho, mimi nilikwenda nazo zimeshavunjika."

Daktari akacheka. Mama akaushika ubavu, akang'ata mdomo, machozi yakamtoka, na mabega yake yakawa yanatikisika bila sauti. Ndipo nilipojua nilikuwa natazama nini. Hivyo ndivyo alivyokaa msimu mzima. Alikuwa anacheka. Alikuwa anacheka na anaumia kwa wakati mmoja, kimya, mbele yangu, na mimi niliyekaa nyuma yake nilikuwa naona kisogo tu na kusikiliza sauti. Nikamgeuzia daktari mgongo nikajifanya natafuta kitambaa mkobani.

Tulikaa kwenye benchi kusubiri dawa. Nilikuwa na swali moja, na nililiogopa.

"Mama, ulianguka lini?"

"Aa, mambo yamepita hayo."

"Lini?"

Akaanza kuchezea kifungo cha gauni lake. "Siku ile ulipokuwa unaangalia ile nyingine. Ya mkwe."

Mungu wangu. "Mkwe Mtarajiwa." Niliikumbuka vizuri sana, maana ndiyo tamthilia pekee niliyoiangalia bila yeye. Mkasi alikuwa ananikimbiza, mama kaingia kuoga, nikaona nianze tu, atanikuta mbele. Nikavaa hedifoni. Na katika ile tamthilia kuna mzee anajificha kabatini asikutwe na wakwe, halafu simu yake inaanza kuita humo humo ndani, na wimbo wake ni wa harusi. Sijui nini kilinipata. Nilicheka. Mimi, Jiwe! Nilicheka kwa sauti mpaka nikalaza kichwa juu ya meza. Niliipa nyota tano na nikaandika kwa fahari, "Wasomaji, Jiwe limecheka." Ofisini walinipongeza kama niliyeolewa.

"Hukuniita?" nikamuuliza mama.

"Nilikuita mara moja. Halafu nikasikia mtu anacheka. Nikajiuliza, nani huyo anacheka nyumbani kwangu? Kumbe ni wewe." Akatabasamu akiangalia dirisha la dawa. "Tangu tumzike baba yako sijakisikia kicheko kile, mwanangu. Nilidhani tulimzika nacho. Nikasema, mwache amalize, nitainuka mwenyewe."

"Ukakaa pale chini."

"Palikuwa na taulo, nilikalia taulo."

"Mpaka nikamaliza?"

"Ulipomaliza ya kwanza nikadhani utatoka. Ukaendelea na nyingine." Alilisema bila kinyongo hata chembe, na hiyo ndiyo iliyonimaliza. Angenitukana ningepumua. "Usinitazame hivyo. Ningekuambia, si ungeacha kucheka tena?"

Dirishani wakaita zamu yetu. Nilikwenda kuchukua dawa nikiwa sioni mbele, mhudumu akanieleza mara mbili zipi za asubuhi na zipi za jioni, na bado ilibidi aniandikie juu ya kila pakiti.

Nilimpigia Mkasi tukiwa bado njiani kurudi. Nikamwambia nataka masahihisho. Akanijibu kwamba masahihisho ni ya majina na tarehe, maoni hayasahihishwi. Nikamwambia, wewe, haya si maoni, nimewasingizia watu na nimemsingizia mama yangu mzazi kwenye gazeti lako, na usipoyachapa nitakuja kuyabandika mlangoni kwako. Akaguna, akasema nitume. Niliandika kwamba mama alicheka, tena sana, na kwamba asiyekuwa na macho ni mimi. Ilitoka kwenye kona ya chini, ukurasa wa matangazo ya nyumba. Kituo hakijasema lolote kuhusu msimu wa tano. Bi Mafunguo nilimpigia nikamwomba radhi, alisema amenisamehe, akataka kuongea na mama, na nilimsikia mama akimwomba, "Pacha, nisimulie lolote, ila lisiwe la kuchekesha."

Jana jioni mama alidai kumalizia sehemu ya mwisho. Nilipoelekea mezani na kompyuta yangu akapiga kochi kwa kiganja, akasema nikae hapa, pembeni yake. Nikakaa. Nikamwekea mto ubavuni kama daktari alivyotuelekeza. Bi Mafunguo alipanda ngazi na godoro lake, akateleza, likamfunika, na sauti yake ikaendelea kutoa amri kutoka chini ya godoro. Ni kipande kizuri. Sasa nakiona kwamba ni kizuri. Mama aliukumbatia mto, machozi yakaanza, mabega yakatikisika. Mimi niliangalia sakafu ya bafu kupitia mlango ulio wazi, ile ya vigae vyeupe.

Mama akabonyeza rimoti, picha ikasimama.

"Mbona hucheki?"

"Siwezi, mama."

"Utaweza." Alipumua polepole, mkono juu ya mto. "Mimi nilikaa pale chini ili nisikuharibie kicheko hicho. Sasa usiniambie umekiacha huko huko."

Nikajaribu. Niliapa moyoni kwamba nitacheka hata kwa kujifinya. Kilichotoka hakikuwa kicheko, na mama, anayenijua tangu sina meno, alikijua mara moja. Akakirudisha kile kipande mwanzo, akakiachilia tena, akawa anatazama uso wangu badala ya televisheni.