Moyo wa Mwalimu Elieza

"Mama Anitha, hivi mkiimba juu ya wimbo mliokwisha kuurekodi, ule wa kwanza unakwenda wapi?"

Jirani yake Tabu alimwuliza Ruthu hivyo bombani, na Ruthu akamjibu kwamba unafutika tu, kama ubao wa shule. Alijibu kwa uhakika, maana simu ya kwaya alikabidhiwa yeye. Mjane mtulivu, mtu wa sala, hana papara; nani mwingine?

Jumamosi hiyo kanisani Chamwino walikuwa wanarekodi wimbo wa kutuma mjini. Kwaya itakayopendeza ndiyo itakayoimba siku askofu atakapofungua kanisa jipya, na mwisho wa kutuma ulikuwa saa sita. Ruthu aliitaka safari hiyo kuliko alivyothubutu kusema. Tangu amzike mumewe, hakuwa ameimba mbele ya watu wasiomjua.

Wakaimba vizuri, hadi ubeti wa mifugo. Upepo wa vumbi ukaingia dirishani, na Bartolomayo, sauti ya nne, akapiga chafya katikati ya mbuzi na ng'ombe wanaomsifu Bwana. Wakamaliza wimbo hivyo hivyo.

Kuurudia wote, muda hautoshi. Mwalimu Elieza, aliyekuwa na ubeti wake wa peke yake baada ya ule wa mifugo, akaagiza warudie penye chafya tu. Ruthu akauburuta kwa kidole ule mstari mwekundu wa kwenye kioo cha simu, unaoonyesha wimbo umefika wapi, mpaka mwanzo wa mifugo. Kisha, kwa kuwa ni mwangalifu, akabonyeza kusikiliza kama ndipo penyewe. Ndipo. Chafya ikapita, wakacheka hata Mwalimu akagonga meza, na Ruthu akasimamisha pale Mwalimu alipoanza ubeti wake. Akabonyeza duara la kurekodi. Wakaimba mifugo upya, safi kabisa.

Waliposikiliza, chafya ilikuwepo vile vile. Ikafuata sauti nene ya Mwalimu: "Moyo wangu umejaa…" Na kwaya nzima ikadakia: "Mbuzi na ng'ombe, msifuni Bwana!"

Kanisa likavunjika mbavu. Bartolomayo alikaa chini sakafuni. Mama mmoja wa sauti ya kwanza akawa anajipepea kwa kitabu cha nyimbo huku akiomba msamaha kwa Mungu. Ruthu alijikaza, akaficha uso kwenye kitenge, mabega yakamsaliti.

"Ni mimi," akasema alipopata pumzi. "Mstari ni mmoja, Mwalimu. Kusikiliza nako kunausogeza. Sikuurudisha."

"Kwa hiyo ubeti wangu umeliwa."

"Umeliwa na mbuzi," Bartolomayo akajibu toka sakafuni, na kicheko kikaanza upya.

Zilibaki dakika chache. Ruthu akaomba kimoyomoyo, akaurudisha mstari mwanzo wa mifugo, na safari hii hakusikiliza chochote. Wataimba mifugo, Mwalimu ataunganisha, na yeye atazima Mwalimu akimaliza tu, wasije wakala na mwisho wa wimbo.

Wakaimba wakikwepana macho. Bartolomayo alijibana pua. Mifugo ikapita salama. Mwalimu Elieza akafunga macho, akavuta pumzi.

"Moyo wangu umejaa…"

Kila mtu mle ndani akawaona mbuzi. Mdomo wa Mwalimu ukacheza, naye akaimba "furaha" kwa sauti iliyotetemeka, ikapanda, ikapasuka kuwa kicheko. Akaendelea kuimba hivyo hivyo mpaka mwisho wa ubeti, machozi yakimtoka, mzee wa kanisa mwenye koti na tai. Ruthu akazima.

Saa ya ukutani ilikuwa karibu kabisa na saa sita.

"Niurudishe mstari tena, Mwalimu?" akauliza.

Elieza akaichukua simu mkononi mwake, akausikiliza ubeti wake mara moja, kicheko na vyote. Akabonyeza kutuma, akangoja mpaka wimbo ukaenda. Akairudisha simu kwa Ruthu kwa mikono miwili, akarekebisha tai, akatoka nje.