Oda Zote za Thika kwa Okello

Kama kuna mtu wa kukosea halafu ukamwombea dua kwa hilo kosa, ni Okello.

Mimi napeleka chakula kwa pikipiki, steji yetu iko Makongeni. Wiki jana nikielekea Ngoingwa kwa mvua, niliteleza kwenye tope nikaanguka na pilau ya watu. Kabla sijapangusa goti, app ilikuwa imenifungia akaunti: mteja hakupokea oda. Nikaandika kujieleza. Jibu: "Asante kwa kuwa mshirika wetu." Nikatuma picha ya damu. Asante nyingine. Mshirika gani huyu hana hata mtu wa kumpigia simu?

"Waleed, si pilau ulilisha barabara? Barabara ikupe nyota tano," alinicheka Tausi, mwenyekiti wetu. Kisha akaikasirikia app, na Tausi akikasirika hata mbwa wa steji husimama wima. Akapigia steji zote za Thika. "Ijumaa saa ya lunch, kila mtu azime simu ya kazi. Wakikosa watu, watatafuta mtu wa kuongea naye."

Ijumaa nilitoka msikitini nikawapata wamekaa kama wageni wa harusi, simu zote giza. Okello hubeba simu mbili, ya kazi na ya nyumbani. Mara mfuko wake ukalia. Ukalia tena. Ukaendelea kulia kama ng'ombe aliyesahauliwa kukamuliwa.

"Okello! Umezima gani?" Tausi akauliza.

Akachungulia. "Yawa! Nimezima ya nyumbani."

Tausi akashika kichwa. Oda zote za mji zilikuwa zinamwangukia mtu mmoja, na huyo mtu hasogei. Basi nambari ngeni ikapiga. Sauti ya binadamu, mama mwenye mafua, kutoka ofisi ya app huko Ruiru.

"Okello, kuna shida gani huko? Mbona husongi?"

"Madam, shida yenyewe imekaa hapa. Ongea nayo." Akanisukumia simu.

Mimi mwenye utani kwa kila kitu, siku hiyo niliuweka kando. Nikamweleza mvua, tope, goti.

"Na mbona hukusema?"

"Nilisema, madam. Mkanishukuru."

Akapiga chafya. Halafu, polepole: "Pole sana. Nakufungulia sasa hivi. Na mtu wenu yeyote, kabla afungiwe, nitampigia nimsikize."

Tausi akanyakua simu. "Na akianguka, uliza kwanza kama ako sawa. Chakula baadaye!"

"Sawa, mama."

Akaunti ikarudi nikiwa bado nimesimama hapo. Tausi akasema washeni, steji nzima ikaanza kulia. Nilizunguka nikiwapa mkono mmoja mmoja, Okello nikamshika kwa mikono miwili. Walikuwa wameacha saa yenye oda nyingi kushinda zote, kwa sababu ya goti la mtu mwingine.

"Leo hauna utani?" Tausi akaniuliza.

"Leo sina."

"Basi enda, oda yako inangoja. Na hapo kwa tope, shuka usukume."

Nikashuka, nikasukuma.